Mwongozo kamili: Jinsi ya kuandaa makala ya kuangalia nyuma msimu wa filamu wa kiangazi (mfano: 1982)

Kila ikifika Mei, kurasa za filamu za Kiswahili hujaa makala za filamu kali za kiangazi za zamani, na kila mwaka makosa ni yaleyale. Die Hard huhesabiwa filamu ya Desemba kwa sababu hadithi yake ni ya Krismasi, ilhali ilitoka Julai 1988. Beverly Hills Cop huwekwa kwenye kiangazi cha 1984, ilhali ilitoka tarehe 5 Desemba. Mapato yaliyokusanywa kwa miaka arobaini huandikwa kana kwamba yaliingia ndani ya miezi mitatu. Na baya zaidi, filamu iliyoanguka vibaya huelezwa kuwa ilitikisa dunia, kwa kuwa tu leo inaheshimiwa.

Mwongozo huu ni wa anayeandika blogu, anayeandaa kipindi cha redio au podikasti, au mwenye chaneli ya YouTube. Unahusu msimu wa Marekani, kwa kuwa huko ndiko studio zilikozoea kutoa filamu zao kubwa kati ya Mei na Agosti. Mfano tutakaoufuata hadi mwisho ni kiangazi cha 1982.

Kanuni inayobeba kazi yote ni hii: ujenge msimu kama ulivyokuja, wiki kwa wiki, kwa fedha za wakati ule. Umaarufu wa leo uuingize mwishoni, ukiwa umeshajua nini kilitokea.

## Vinavyohitajika

- Mwaka mmoja. Usichukue muongo mzima. "Miaka ya themanini" ni misimu kumi, na kila mmoja una filamu zaidi ya thelathini za kuchunguza.
- Kalenda ya mwaka huo, inayoonyesha siku za wiki. Bila siku za wiki hutaweza kutofautisha filamu iliyotoka Ijumaa na iliyotoka Jumatano, na hapo namba za wikendi zitakuchanganya.
- Jedwali la Excel au Google Sheets lenye safu tisa: jina la filamu, tarehe ya kutoka Marekani, siku ya wiki, idadi ya kumbi za wikendi ya kwanza, mapato ya wikendi ya kwanza, mapato ya mzunguko wa kwanza (filamu ilipotoka mara ya kwanza), mapato ya matoleo ya kurudiwa, bajeti, na chanzo cha kila namba.
- Vyanzo viwili vya namba: Box Office Mojo na The Numbers. Kwa tarehe, ongeza katalogi ya American Film Institute, ambayo hueleza filamu ilianzia mji gani na lini ilisambazwa nchi nzima.
- Wayback Machine ya Internet Archive. Box Office Mojo ilibadilishwa sana mwaka 2019, na kurasa nyingi za zamani zenye maelezo mazuri utazipata humo tu.
- Magazeti ya wakati ule, ya Marekani na ya kwetu.
- Filamu nne au tano za msimu huo za kutazama upya, katika toleo sahihi. Hatua ya 7 inaeleza maana yake.
- Muda wa wiki mbili hivi, ukifanya kazi jioni. Jedwali pekee hula zaidi ya nusu ya muda huo, na hakuna njia ya mkato.

## Hatua ya 1: Chora mipaka ya msimu kabla ya kutaja filamu yoyote

Msimu wa kiangazi wa sinema za Marekani haufuati kalenda ya hali ya hewa. Unafuata sikukuu mbili: Memorial Day, ambayo ni Jumatatu ya mwisho ya Mei, na Labor Day, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Baadaye studio zilianza kuwahi. Twister ilitoka tarehe 10 Mei 1996, The Mummy tarehe 7 Mei 1999, na Spider-Man tarehe 3 Mei 2002. Mwaka 2018 filamu kubwa ya Avengers ikasogea hadi tarehe 27 Aprili.

Kwa hiyo mpaka wa 1982 si mpaka wa 2002. Mwaka 1982 Memorial Day ilikuwa tarehe 31 Mei na Labor Day tarehe 6 Septemba. Wanaohesabu kwa mtindo wa sasa huanza Ijumaa ya kwanza ya Mei. Chagua mpaka mmoja, uandike juu kabisa ya jedwali lako, na umwambie msomaji katika aya ya pili ya makala. Katika mfano huu tunaanza Ijumaa ya kwanza ya Mei ili Conan the Barbarian, iliyotoka tarehe 14 Mei, isiachwe nje.

Onyo: Usihamishe mpaka katikati ya kazi ili filamu unayoipenda iingie. Ukiuhamisha kwa ajili ya moja, lazima urudi uongeze zote za wiki hiyo.

Umefanikiwa ikiwa: una tarehe mbili, ya kuanza na ya kumaliza, na unaweza kueleza sababu yake kwa sentensi moja.

## Hatua ya 2: Panga filamu wiki kwa wiki

Anza na Ijumaa ya kwanza, shuka hadi ya mwisho. Usianze na filamu unazozikumbuka. Kumbukumbu hubeba zilizodumu tu, na zile zilizojaza kumbi kisha zikasahaulika zitakupita.

Sehemu kubwa ya kiangazi cha 1982 inaonekana hivi:

- 14 Mei: Conan the Barbarian
- 21 Mei: Mad Max 2 (Marekani iliitwa The Road Warrior), Dead Men Don't Wear Plaid
- 28 Mei: Rocky III
- 4 Juni: Star Trek II: The Wrath of Khan, Poltergeist
- 11 Juni: E.T. the Extra-Terrestrial, Grease 2
- 18 Juni: Firefox
- 25 Juni: Blade Runner, The Thing
- 9 Julai: Tron
- 23 Julai: The Best Little Whorehouse in Texas
- 28 Julai: An Officer and a Gentleman
- 13 Agosti: Fast Times at Ridgemont High, Friday the 13th Part III
- 20 Agosti: The Beastmaster

Ukiisoma hivyo, jambo moja linajitokeza ambalo orodha ya "kumi bora" haiwezi kukuonyesha. Kuanzia tarehe 28 Mei hadi 25 Juni kuna Ijumaa tano tu, na ndani yake zimebanana Rocky III, Star Trek II, Poltergeist, E.T., Blade Runner na The Thing. Mbili za mwisho zilitoka siku moja, wiki mbili baada ya E.T., wakati familia za Marekani zilikuwa bado zinapanga foleni kumwona mgeni mpole wa angani. The Thing ilikuwa ikiwauzia watu mgeni wa angani anayewala watu. Hapo una maelezo ya nusu ya kilichoipata, na umeyapata kwenye kalenda.

Tarehe zina mitego mitatu.

Mtego wa nchi. Mad Max 2 ilianza Australia Desemba 1981 na kufika Marekani Mei 1982. Batman ya 1989 ilitoka Marekani tarehe 23 Juni na Uingereza tarehe 11 Agosti. Jurassic Park ilitoka Marekani tarehe 11 Juni 1993 na Uingereza Julai. Ukichanganya tarehe za nchi mbili, mpangilio wote unaharibika.

Mtego wa maonyesho ya mwanzo. E.T. ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la Cannes mwishoni mwa Mei 1982. Hiyo si tarehe ya kutoka. The Lion King ilianza kwenye kumbi mbili tu, New York na Los Angeles, tarehe 15 Juni 1994, kisha ikasambazwa kote tarehe 24 Juni. Andika zote mbili, ila wikendi ya kwanza uihesabu ile ya usambazaji mpana.

Mtego wa hadithi. Filamu ya Krismasi inaweza kutoka kiangazi. Mbali na Die Hard, Gremlins nayo ina theluji na zawadi, na ilitoka tarehe 8 Juni 1984, siku moja na Ghostbusters.

Umefanikiwa ikiwa: kila Ijumaa ya msimu ina mstari wake, hata kama mstari huo unasema hakuna filamu kubwa.

## Hatua ya 3: Tenganisha aina za fedha

Makala nyingi hufia hapa, kwa hiyo nenda polepole.

Mapato ya tiketi na mgawo wa msambazaji ni vitu viwili. Mapato ya tiketi ni pesa yote iliyolipwa dirishani. Mgawo wa msambazaji ni sehemu inayorudi kwa studio baada ya wenye kumbi kuchukua chao. Kwa makadirio ya jumla ni kama nusu. Magazeti ya biashara ya filamu, Variety likiwemo, kwa miongo mingi yalichapisha mgawo huo. Ukikuta orodha ya miaka ya sabini ambayo namba zake ni nusu ya ulizoziona kwingine, hujagundua uongo. Umesoma kipimo kingine. Usiziweke namba hizo mbili kwenye safu moja.

"Soko la ndani" maana yake ni Marekani na Kanada kwa pamoja. Usiandike "Wamarekani walilipa" ukitumia namba hiyo.

Mzunguko wa kwanza na matoleo ya kurudiwa. Zamani filamu iliyofanya vizuri ilirudishwa kumbini, wakati mwingine zaidi ya mara moja. E.T. ilirudi 1985 na 2002. Mzunguko wake wa kwanza uliingiza takriban dola milioni 359. Jumla baada ya kurudiwa hadi 2002 ilifika kama milioni 435. Ukiandika kuwa E.T. iliingiza milioni 435 mwaka 1982, umeuongezea mwaka huo milioni 76 ambazo hazikuwa zake. The Lion King ilipata karibu milioni 313 katika mwaka wake wa 1994. Namba ya milioni 422 inayozunguka imejumlisha na marudio ya 2002 na 2011. Kwa Star Wars tofauti ni kubwa zaidi: toleo la 1997 peke yake liliongeza takriban milioni 138.

Kwenye Box Office Mojo, usinakili namba kubwa iliyo juu ya ukurasa wa filamu. Teremka hadi pale matoleo yanapoorodheshwa moja moja, kila moja na mwaka wake, uchukue lile la kwanza.

Wikendi ya siku tatu na ya siku nne. Mfano mzuri uko kwenye mwaka wetu. Rocky III ilitoka wikendi ya Memorial Day na siku nne zikaipa takriban dola milioni 16. Wiki moja baadaye Star Trek II ikapata milioni 14.3 na kutangazwa kuwa imevunja rekodi ya wikendi ya ufunguzi. Asiyejua ataona kosa: 14.3 inavunjaje 16? Jibu ni kwamba Jumatatu ya sikukuu ilihesabiwa kwa Rocky. Kwa siku tatu, Rocky III ilikuwa na milioni 12.4. Andika kando ya kila namba ni siku ngapi.

Umefanikiwa ikiwa: mtu akikuuliza namba yoyote ya jedwali ni ya siku ngapi, nchi zipi na toleo gani, unajibu bila kufungua tovuti tena.

## Hatua ya 4: Geuza dola kuwa tiketi

Dola ya 1982 si dola ya leo, lakini usikimbilie kikokotoo cha mfumuko wa bei wa kawaida. Bei ya tiketi haipandi sambamba na bei ya mkate au mafuta. Njia safi zaidi ni kugawa mapato kwa bei ya wastani ya tiketi ya mwaka ule. Bei hizo kwa Marekani zinajulikana: dola 2.94 mwaka 1982, dola 4.14 mwaka 1993, dola 9.16 mwaka 2019.

Chukua E.T. na Jurassic Park. Kwa dola zinakaribiana mno: milioni 359 na milioni 357 katika mizunguko yao ya kwanza. Gawanya sasa:

- E.T.: 359 ÷ 2.94 = takriban tiketi milioni 122
- Jurassic Park: 357 ÷ 4.14 = takriban tiketi milioni 86

Tofauti ni tiketi milioni 36. Namba za dola zingekufanya uandike kuwa zililingana.

Fanya hivyo kwa filamu zote za jedwali lako. Rocky III, yenye karibu milioni 125, inatoa tiketi milioni 42 na ushee. The Thing, yenye milioni 19.6, inatoa tiketi zisizofika milioni 7.

Onyo: Hayo ni makadirio. Bei ya wastani inachanganya watoto na watu wazima, mchana na usiku. Filamu iliyojaza watoto huwa imeuza tiketi nyingi kuliko hesabu inavyoonyesha, kwa sababu tiketi zao zilikuwa za bei ya chini. Tumia neno "takriban" na usiandike zaidi ya tarakimu tatu. Kuandika tiketi 122,108,843 ni kujifanya unajua kisichojulikana.

## Hatua ya 5: Pima mwendo wa filamu, si ufunguzi tu

Gawanya mapato ya mzunguko wa kwanza kwa mapato ya wikendi ya kwanza. Jibu linakuonyesha filamu ilikaa kumbini kwa nguvu gani.

E.T. ilifungua kwa dola milioni 11.8. Ukigawanya 359 kwa 11.8 unapata 30. Yaani wikendi ya kwanza ilikuwa kama asilimia 3 tu ya safari yote. Ilishika nafasi ya kwanza kwa wiki 16 kwa jumla, ikiipoteza na kuirudia. Star Trek II, iliyofungua kwa kishindo zaidi, ilimaliza na takriban milioni 79: mara tano na nusu ya ufunguzi wake. Ukipanga msimu kwa kuangalia nani alifungua vizuri, Star Trek II itakuwa juu ya E.T., na makala yako itakuwa imekosea jambo kubwa kuliko yote ya mwaka ule.

An Officer and a Gentleman inahitaji jicho hilohilo. Ilitoka Jumatano ya mwisho ya Julai, kwenye kumbi chache, wakati msimu ulikuwa unaelekea kufungwa. Ilikaa hadi miezi ya baridi na kufikisha karibu milioni 130, juu ya Rocky III. Haikuwa na mgeni wa angani wala bondia. Watu walitoka kumbini wakawaambia wenzao, na kumbi zikaongezeka.

Onyo: Usilinganishe hesabu hii kati ya enzi mbili zilizo mbali. Mwaka 1982 ukumbi uliweza kushikilia filamu moja kwa miezi, na kanda ya video ya filamu hiyo ilitoka baadaye sana. Ndiyo maana hata The Thing, iliyohesabiwa kuwa imeanguka, ilipata zaidi ya mara sita ya ufunguzi wake wa milioni 3.1. Leo hesabu ya sita ingekuwa habari njema kwa studio yoyote. Linganisha filamu za msimu mmoja zenyewe kwa zenyewe.

Umefanikiwa ikiwa: jedwali lako lina angalau filamu moja iliyokushangaza. Kama kila kitu kimethibitisha ulichokijua, rudi Hatua ya 2. Pengine umeacha filamu.

## Hatua ya 6: Soma walichoandika wiki ile

Tafuta uhakiki wa filamu tano hadi nane uliochapishwa ndani ya wiki mbili za kutoka kwake. Hifadhi za The New York Times zinatafutika kwa tarehe, na uhakiki mwingi wa Roger Ebert uko bure mtandaoni ukiwa na tarehe yake. Angalia tarehe hiyo kabla ya kusoma, kwa sababu wahakiki hurudi miaka mingi baadaye na kuandika upya.

Mwaka 1982 zoezi hili lina mavuno. The Thing ilishambuliwa na wahakiki wengi kwa damu na ubaridi wake. Blade Runner ililalamikiwa kuwa ya taratibu, yenye mandhari ya ajabu na watu wasiogusa moyo. Iligharimu karibu dola milioni 30 na mzunguko wake wa kwanza Marekani haukufikia hapo. Wakati huohuo The Best Little Whorehouse in Texas, yenye Burt Reynolds na Dolly Parton, ilipata karibu milioni 70, na leo ni nadra kuiona kwenye orodha yoyote.

Andika hukumu ya 1982 na hukumu ya leo katika aya mbili tofauti. Mtu anayesoma kwamba Blade Runner "ilipokelewa vizuri" amedanganywa, na pia amenyimwa sehemu tamu ya kisa: jinsi kanda za video, runinga na matoleo mapya yalivyoirudisha filamu iliyokuwa imeshazikwa.

## Hatua ya 7: Tazama toleo lilelile lililotoka msimu ule

Huwezi kueleza watazamaji wa 1982 waliona nini kwa kutazama filamu iliyohaririwa 2007.

Blade Runner iliyotoka Juni 1982 ilikuwa na sauti ya mhusika mkuu akisimulia na mwisho wenye matumaini. Toleo la 1992 liliondoa vyote viwili, na la 2007, liitwalo The Final Cut, ndilo linalopatikana zaidi. E.T. ya 2002 ilibadilishwa kwa kompyuta na bunduki za maafisa zikawa redio za mkononi. Diski ya 2012 ilirudisha ya mwanzo. Star Wars ya 1997 ina picha ambazo hazikuwepo 1977.

Njia ya haraka ya kukagua ni dakika. E.T. ya mwanzo ni kama dakika 115, ya 2002 ni kama 120. Lakini kuwa mwangalifu na kanda na DVD za mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika Afrika Mashariki. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, PAL huonyesha 25, kwa hiyo filamu inakwenda mbio kidogo na kupungua dakika 4 katika kila 100. E.T. ya dakika 115 itasoma kama 110 kwenye DVD ya PAL. Hakuna kilichokatwa.

Angalia pia upana wa picha. Blade Runner na The Thing zilipigwa kwa umbo pana sana. Kanda za VHS zilikata pande za kushoto na kulia ili picha ijae runinga ya mraba, na karibu nusu ya picha ikapotea. Ukihukumu upigaji picha kwa nakala ya namna hiyo, unahukumu kazi ya aliyekata.

Na mabango: ukiona alama ya PG-13 kwenye bango la filamu ya 1982, bango hilo si la wakati ule. Daraja hilo la umri wa watazamaji lilianza tarehe 1 Julai 1984, baada ya malalamiko ya wazazi kuhusu Gremlins na Indiana Jones and the Temple of Doom. Poltergeist, pamoja na kutisha kwake kote, ilikuwa na daraja la chini yake, PG.

## Hatua ya 8: Weka upande wa Afrika Mashariki mahali pake

Wasomaji watauliza, "Je, kwetu?" Jibu halipo Box Office Mojo. Filamu zilifika Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zikiwa zimechelewa, na wengi walizionea kwenye kanda au kibanda umiza miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo usimwandike babu au shangazi kuwa aliiona Rocky III "kiangazi cha 1982" kwa sababu tu filamu ni ya mwaka huo.

Kinachotoa tarehe ni tangazo la sinema gazetini. Nakala nyingi za Daily Nation zimewekwa kwenye hazina ya magazeti ya Google. Fungua ukurasa wa burudani, uanze na tarehe ya Marekani, kisha usonge mbele mwezi kwa mwezi hadi utakapoiona filamu. Kwa Tanzania, nenda maktaba ya chuo au maktaba kuu yenye Daily News na Uhuru za miaka hiyo.

Ukihoji wazee, usiulize "mwaka gani?" Uliza ukumbi gani, tiketi ilikuwa bei gani, walikuwa darasa la ngapi au kazi gani, nani alikuwa rais. Majibu hayo yanabana mwaka vizuri zaidi. Kuna kipimo kimoja kwa Tanzania Bara: runinga ilianza 1994. Mtu akisema aliiona E.T. kwenye matangazo ya runinga ya Dar es Salaam mwaka 1984, alikuwa anatazama kanda, au alikuwa Zanzibar au Kenya. Mrudishie swali kwa upole. Mara nyingi kumbukumbu yenyewe ni ya kweli na mwaka ndio uliohama.

Msimu wenye uhusiano wa moja kwa moja na lugha yetu ni 1994, kwa ajili ya The Lion King: Simba, Rafiki na "hakuna matata" viliingia vinywani mwa watoto wa dunia nzima. Ukiuchagua mwaka huo, kumbuka kwamba uliibeba pia Forrest Gump ya tarehe 6 Julai, Speed na True Lies. Usiugeuze kuwa makala ya filamu moja.

## Hatua ya 9: Andika

Maneno 1,200 hadi 1,800 yanatosha kwa msimu mmoja. Mpangilio unaofanya kazi:

Fungua na wiki moja iliyobeba msimu wote. Kwa 1982 ni ile ya tarehe 25 Juni: E.T. inaingia wiki ya tatu, Blade Runner na The Thing zinafunguliwa siku moja. Kisha taja mipaka yako kwa sentensi moja, urudi Mei na kuteremka hadi Septemba kwa mfuatano wa tarehe.

Usizipe filamu zote nafasi sawa. Filamu tatu au nne zipate aya mbili mbili, nyingine zipate sentensi. Grease 2 inatosha kutajwa pale ilipotoka, siku moja na E.T.; msomaji ataelewa.

Weka namba moja au mbili kwa aya, si zaidi. Namba nyingine zibaki kwenye jedwali ambalo unaweza kulibandika chini ya makala. Majina ya filamu yaache kwa lugha yake, kwa sababu msomaji atayatafuta hivyo.

Usinakili maneno ya mhakiki kutoka ukurasa wa nukuu. Kama hukuona uhakiki wenyewe, eleza kwa maneno yako kwamba filamu ilipokelewa kwa ukali au kwa sifa.

## Hatua ya 10: Kagua, kisha chapisha

Mpe mtu mwingine jedwali, si makala, umwombe achague mistari mitano bila mpangilio na aitafute upya kwenye chanzo cha pili. Mmoja ukikosea, kagua yote. Box Office Mojo na The Numbers zikitofautiana kwa kiasi kidogo, andika namba nzima bila desimali, ukitanguliza neno "takriban". Zikitofautiana kwa mamilioni mengi, karibu kila mara chanzo kimoja kimejumlisha marudio.

Baada ya kuchapisha, marekebisho yatakuja. Ukikuta kosa la kweli, lisahihishe ndani ya makala na uweke mstari mmoja chini wenye tarehe, unaosema kilichoandikwa mwanzo na kilichobadilishwa. Usifute kimya kimya, kwa sababu kurasa nyingine zitakuwa zimeshanakili namba ya kwanza, na mstari huo ndio utakaowawezesha wasomaji kujua ipi ni sahihi.